Ufito wa Bibi Afya

"Shikamoo, Mama Rukia. Choo chako kimejaa."

Hivyo ndivyo alivyokuwa akiingia uani kwetu, salamu na mashtaka kwa pumzi moja. Mama yangu alimzidi umri kidogo, kwa hiyo shikamoo ilikuwa haki yake, na Bibi Afya hakuwahi kumnyima mtu haki yake. Mama naye aliitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayefukuza kuku, kisha akauliza, "Na chako?" Bibi Afya akajibu kwamba chake bado kina nafasi, karibu uje upime. Hapo vita vimeanza, na majirani wote wanaopika nje wanaacha kukoroga vyungu vyao ili wasikie vizuri.

Jina alikuwa nalo, ila mtaani kwetu halikutumika. Alihamishiwa kwetu kutoka Kilwa Kivinje, kwao kabisa ni Rondo, na zaidi ya hapo sikumchimba. Kazi yake ilikuwa kukagua vyoo, takataka, visima na masufuria ya mama lishe. Mwanamume wa kazi hiyo huitwa Bwana Afya. Yeye akawa Bibi Afya, tangu alipokuwa msichana mwembamba hadi alipoota mvi. Watu walimchukia kwa namna ile tunavyomchukia mtu ambaye tunajua anasema kweli. Baadaye walimchukia kwa sababu nyingine, na hiyo ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mtaa wetu uko pale mji wa Lindi unapoishia, chini ya kilima, mbele yake majaruba ya chumvi. Nilipokuwa mdogo, kati ya nyumba na nyumba palikuwa na minazi, na mtu akikohoa kwake hukumsikia. Kisha habari za gesi zikaenea. Watu wakaja kutoka Mtama, Mchinga na kwingineko kutafuta kibarua, na kila mwenye ua akakata kipande akapachika vyumba vya kupangisha. Mama yangu pia, simtetei. Minazi ikaisha, vichochoro vikabana, mpaka siku moja jeneza lilishindwa kukata kona na wazee wakalipitisha juu ya ukuta huku marehemu akiyumba ndani. Tuliona aibu wiki nzima, halafu tukaendelea kujenga.

Katika msongamano ule, choo kikijaa huna pa kuchimba kingine. Gari la kunyonya maji taka halipiti. Watu wa kupakua kwa ndoo wapo, lakini kila mtu ataona, kila mtu atanusa, na harufu itakaa mtaani na jina lako. Basi tulikuwa na njia yetu, na nitaitaja kwa sababu kila mtu aliijua na hakuna aliyeikiri. Ubavuni mwa shimo unatoboa tundu, unalifunga kwa matambara na udongo, unasubiri masika. Mvua kubwa ikishuka, unazibua. Vilivyomo vinatoka na maji ya mvua, vinaingia mtaroni, vinakwenda majarubani, na mvua ikikatika kila kitu kimeoshwa. Tunaita kutapisha choo. Watu wazima waliohiji Maka walitapisha vyoo vyao na wakaenda kuswali isha kwa udhu safi kabisa.

Ndiyo maana mvua ikinyesha, sisi tukikimbilia ndani, Bibi Afya alikuwa anatoka. Mabuti yake ya mpira, mwavuli uliovunjika kijiti kimoja, na ule ufito wake mrefu. Ungechungulia dirishani ukamwona peke yake kwenye kichochoro, amesimama katikati ya maji yanayokwenda, anaangalia yana rangi gani. Hapo moyo wa mtaa mzima ulidunda. Mama alikuwa akisema, "Yule mwanamke hana nyumbani?" na wakati huohuo anatuma mtu akaangalie kama tambara la choo chetu liko mahali pake.

Ufito ule ulikuwa mti mnyoofu, mrefu kumpita yeye mwenyewe, aliouchonga mikato midogo kuanzia chini hadi juu. Aliutumbukiza chooni, akautoa, akautazama, akakuambia shimo limefika wapi. Kwa lugha yake, shimo lilikuwa na mwili wa binadamu: limefika magotini, limefika kiunoni, limefika shingoni. Kisha anauosha kwa dawa na kuusimamisha nje ya mlango. Wahuni wa kijiweni waliuita fimbo ya Musa. Yeye aliwajibu kwamba Musa alipasua bahari safi, angeletwa mtaa ule angerudi Misri.

Misemo alikuwa nayo tele. Ukimzuia mlangoni alikuambia, "Mficha uchi hazai. Fungua nipime." Ukimbishia sana alikaza macho na kusema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Hiyo ya pili aliisema mara nyingi kiasi kwamba watoto wa mtaa waliitumia kwenye michezo yao ya kujificha.

Usidhani mwenyewe alikuwa msafi kama kitabu cha shule. Alikuwa mlafi wa pweza wa kukaanga wa barabarani, wenye vumbi na nzi wao, na nilipomuuliza alisema vumbi ndilo linalowapa ladha. Aliogopa sindano kuliko mtoto mchanga. Siku ya chanjo alipanga watu foleni kwa ukali, ilipofika zamu yake manesi wawili wakamshika. Alikuwa Mkristo, akipita karibu na msikiti akiimba nyimbo za kanisani kwa pua, lakini saa za swala alizijua vizuri kuliko kaka yangu, na hakuwahi kubisha hodi adhana ikilia. Mwezi wa Ramadhani hata pweza aliwaacha.

Jambo moja hakuwa nalo, nalo ni siri. Kwenye vikao vya mtaa alitaja watu kwa majina, mbele ya wakwe zao. Alimtaja mwenyekiti wa mtaa akiwa amekaa kiti cha mbele. Alilitaja kanisa lake mwenyewe. Alimtaja mwenye nyumba aliyempangisha, na kesho yake tukamwona anahamisha godoro kichwani, hana hata wasiwasi. "Uchafu ukiusitiri unazaa," alisema. Basi tulijua kwamba kitu chochote akionacho Bibi Afya, mtaa mzima utakijua kabla ya Ijumaa.

Sasa kisima.

Baba alifariki mapema. Alikuwa fundi wa paa, mtu mpole, aliyetamani kuhiji na hakujaaliwa. Eda ilipokwisha, mama aliuza vikuku vyake vya dhahabu akachimbisha kisima uani, akakitoa wakfu kwa ajili ya roho ya baba. Maji ya bure, kwa yeyote, usiku na mchana. Kwa imani yetu, kila anayekunywa pale, thawabu inamfikia marehemu kaburini. Bomba la mtaa lilipokuwa likikauka kwa siku kadhaa, nusu ya mtaa ilikuja kwetu na ndoo, na mama alikaa kwenye kigoda akihesabu kwa furaha, akinong'ona, "Hiyo yako, Baba Rukia. Na hiyo yako." Huwezi kuelewa yaliyofuata usipoelewa kwamba kwa mama kisima kile kilikuwa ndiyo namna pekee aliyobaki nayo ya kumhudumia mumewe.

Bibi Afya alikiheshimu. Kila masika ilipokaribia alikuja kutia dawa, na mama alilalamika kwamba maji yananuka hospitali. Mwaka ninaoutaja pia alikuja. Naikumbuka siku yenyewe, kwa sababu nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya talaka yangu na mimi ndiye niliyemwaga ndoo za kwanza kwa harufu ya dawa, kabla mtu mwingine hajaja kuchota. Siku hiyohiyo alichukua ufito akaingia chooni kwetu. Akatoka, akamwonyesha mama mkato wa juu kabisa.

"Kimefika shingoni, Mama Rukia. Kabla ya mvua, kipakuliwe. Nikirudi kiko hivi, nakutaja."

"Nitaje. Mimi nimezoea kutajwa kwa mema, nikitajwa kwa choo mara moja sitakufa," mama akajibu.

Hakupakua. Wapangaji walikuwa wengi, na aliona haya ndoo zipite mbele ya watu wanaokuja kuchota wakfu. Mvua kubwa ya kwanza ilishuka alasiri moja, Bibi Afya akiwa upande wa pili wa mtaa, kwenye nyumba iliyobomoka ukuta. Nilikuwa jikoni nakaanga kaimati. Nikamwona mama anaingia mlango wa uani, kanga imemgandia mwilini, mkononi ana kipande cha nondo. Alikuwa akisema bismillahi chinichini. Sikumuuliza anatoka wapi.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mama Hija, mwanamke kijana aliyeuza kachori shuleni, na binti yake Hija hakuwa ameanza hata darasa la kwanza. Mwaka uliotangulia mtaro ulifurika, maji yakaingia kwake mpaka godoro la mtoto likaelea. Safari hii Mama Hija alijaza viroba vya mchanga na kuvipanga mtaroni, mbele ya mlango wake, ili maji yapinde. Yakapinda kweli. Badala ya kwenda majarubani yalirudi nyuma, yakavuka ua wetu, yakaingia kisimani. Sisi tuliona maji mengi tu uani, na kulipopambazuka viroba havikuwepo, tukasema mvua imevikokota. Tena mpangaji wetu mmoja alikuwa ameharisha siku chache kabla, ametoka safarini, tukadhani ni chakula cha njiani.

Hija alikunywa maji kwetu kila siku. Alikuwa na kata yake, kifuu kidogo alichotobolewa na mama, na hakuruhusu mtu mwingine aishike.

Alianza kuharisha asubuhi, maji matupu. Mchana macho yalikuwa yameingia ndani. Mama yake alimbeba mgongoni akakimbia naye zahanati, na huko walimtundikia dripu, lakini jua halijatua alikuwa amefariki. Baada yake wakaja wengine, nyumba hii, nyumba ile. Wengi walipona. Lile neno la kipindupindu lilipotamkwa, mtaa ukawa kimya kwa namna ambayo sijawahi kuisikia tena, hata redio zilizimwa. Maiti ya Hija ilioshwa na kuzikwa na watu wa zahanati kwa masharti yao, na sisi wanawake hatukuruhusiwa hata kupika wali wa msiba. Mama Hija alikaa kwenye mkeka mtupu, hakuna chungu jikoni, hakuna ubani.

Siku ya pili yake Bibi Afya aliingia uani kwetu. Hakusema shikamoo. Alikwenda moja kwa moja chooni na ufito wake, sisi tumesimama. Akatoka. Ulikuwa umelowa chini tu, mikato ya juu yote mikavu. Aliutazama ufito, akamtazama mama. Mama alikuwa ameshika nguzo ya jiko. Nilisubiri ile sauti, na nilijua ikitoka tumekwisha, sisi na jina la baba na kisima chake. Bibi Afya akauosha ufito kwa dawa, taratibu kuliko siku zote, akaondoka bila neno.

"Ameona," mama akasema.

"Ameona."

"Atasema kesho kikaoni."

Hatukula siku ile.

Kikao kilifanyika kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa, na kila aliyeweza kusimama alikuja. Mama Hija alikaa chini mchangani, mbele kabisa, kanga imemwanguka mabegani na hakuna aliyethubutu kumwokotea. Swali lilikuwa moja tu, nani ametapisha choo. Vijana hawakungoja jibu. Walikuwa wameshapata mtu wao, muuza mihogo ya kukaanga aliyekuja kutoka Mtama na kupanga karibu na mtaro, ambaye choo chake kilivuja kweli na kila mtu alijua.

"Hawa wa kuja ndio waliotuletea," mmoja akasema. "Tulikunywa maji yale miaka yote, hakufa mtu."

"Tukamtoe sasa hivi, tunasubiri nini?"

Muuza mihogo alisimama, mikono kichwani, akisema hapana ndugu zangu, hapana ndugu zangu. Mkewe alikuwa tayari amembeba mtoto, anatafuta pa kupita. Kuna mtu alikuwa na dumu la mafuta ya taa. Nililiona kwa macho yangu, na aliyelishika nilisoma naye. Mkono wa mama ulikuwa umenibana kifundo cha mkono mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Nilidhani anajiandaa kusimama. Mpaka leo sijui kama angesimama.

Bibi Afya alipanda kwenye kibaraza.

"Mavi hayana kabila," alisema. "Kaeni chini."

Wakakaa, kwa mazoea tu. Akaangalia watu, macho yake yakafika kwetu, yakapita, yakaenda kutua kwa Mama Hija na kukaa pale kwa muda mrefu.

"Choo cha huyu mihogo kinavuja, lakini kiko chini ya kisima. Maji hayapandi. Mwacheni. Kisima kile dawa yake iko mikononi mwangu. Kila masika naitia. Masika haya sikuitia. Nilisahau. Kama kuna mtu wa kulaumiwa ni mimi."

Nilimgeukia mama, na mama alikuwa ananitazama. Katika watu wote wale, tulikuwa wawili tu wenye uhakika kwamba Bibi Afya anasema uongo. Dawa ile niliinusa, niliimwaga. Huyu mwanamke aliyemtaja mwenyekiti na kanisa na mwenye nyumba wake, leo amesimama mbele ya watu anajitaja mwenyewe kwa kosa ambalo hakulifanya.

Mama Hija aliinuka. Alikwenda mpaka kibarazani, hakupiga kelele, akaanza kumpiga Bibi Afya kifuani kwa ngumi zote mbili, polepole kama anayetwanga. Bibi Afya alishusha mikono akaiacha inaning'inia. Wanawake walipomtoa Mama Hija, mtu alirusha ndoo ya maji machafu, na baada ya hapo sikuona vizuri kwa sababu ya watu. Muuza mihogo alipata njia akaenda kwake. Dumu la mafuta ya taa lilirudi lilikotoka.

Kisima kilifukiwa kwa mchanga juma hilohilo. Watu walisubiri vita, maana walijua mama alivyokilinda. Mama alisimama mlangoni akatazama viroba vikimwagwa, hakutamka neno hata moja, na watu wakasema Mama Rukia ana subira ya mitume. Bibi Afya alihamishwa. Alifunga mizigo yake na ufito wake, akapita kichochoroni mchana kweupe, na hakuna aliyemwambia hata kwaheri.

Miaka imepita tangu siku hiyo. Mama Hija hakuzaa tena, na mpaka leo anaitwa kwa jina la mtoto aliyezikwa. Mama alimfanya mwana. Alimpa chumba bila kodi, akamfundisha mapishi ya harusi, akampigania kwa mume aliyemkimbia. Mama alipoanza kupoteza nguvu za miguu, Mama Hija ndiye aliyekuwa akimwogesha, siku ambazo mimi niko kazini. Kwa nje unaona mapenzi, na ni mapenzi kweli. Ila mimi nilikuwa nikimwona mama anavyokazia macho mikono ya yule mwanamke inapomkanda miguu. Na kila Bibi Afya alipotajwa, Mama Hija aliweka kitu chini, chochote alichoshika, akasema, "Kusahau tu. Kusahau kutia dawa," kisha akaendelea na kazi.

Mwaka huu mama aliniambia nimpeleke kwa Bibi Afya. Tulisikia amestaafu, yuko Mtama kwa mdogo wake.

Tulimkuta barazani anapepeta kunde kwa ungo. Amenenepa, mguu mmoja umevimba. Ule ufito niliutambua mara moja, umesimamishwa uani, unainua kamba ya kuanikia nguo, na shuka lilikuwa likipeperuka juu ya ile mikato.

"Shikamoo, Mama Rukia," akasema, kama watu walioachana jana.

"Marahaba." Mama akangoja. Nadhani alikuwa anangoja kuambiwa choo chake kimejaa, na neno hilo lilipokosekana akaketi kwa uchovu. Hawakuulizana hali kama desturi. Mama alianza palepale.

"Nilitapisha mimi."

"Najua."

"Ufito ulikuambia."

"Choo kilichokuwa shingoni nakikuta magotini, na gari la kunyonya halijaingia mtaa ule tangu uumbwe. Nani aniambie tena?"

"Ukanitazama, ukaninyamazia. Miaka yote hii, hakuna swala niliyoinuka bila kukuombea. Nasema Mola mlipe yule mwanamke, amenisitiri mja wako."

Bibi Afya aliweka ungo chini.

"Usinipe kisicho changu, mama yangu. Sikukusitiri wewe. Mimi nilikwenda kikaoni na jina lako mdomoni. Nilikuwa nimeshalipanga, nikutaje, nitaje na shimo. Nikapanda pale nikamwona Mama Hija amekaa chini. Nikajiuliza, nikimtaja huyu, wataniuliza maji yamefikaje kisimani. Mtaro unakwenda majarubani, kila mtu anajua. Nitawajibu nini?"

Nilijibu mimi. "Viroba."

"Viroba. Niliviondoa mimi, mvua bado inanyesha, jioni ileile. Vimeziba mtaro, nimeviondoa, kazi yangu. Sikujua nimebeba nini." Akaangalia mikono yake. "Alivipanga mwenyewe mwanamke yule, ili mtoto wake alale pakavu. Mimi nimwambie mbele ya watu kwamba ndivyo vilivyomwua? Basi nikatafuta mtu wa kuchukiwa. Muuza mihogo wangemchoma. Wewe ungekaa wapi? Mimi ni mtu wa kuhamishwa, ningekwenda zangu."

Nitasema nilivyohisi. Nilikasirika. Nilijiuliza nani alimpa mwanamke huyu mamlaka ya kugawa ukweli kama anavyogawa dawa ya visima, huyu apewe, huyu asipewe. Hapohapo nilitamani kumbusu mkono. Vyote viwili vilikuwa kweli na sikuweza kuvitenganisha.

Mama alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Nimekuja kukutaka ruhusa kwa jambo. Nataka kumwambia Mama Hija. Nimezeeka, sitaki kuingia nalo kaburini. Wewe si ndiye uliyekuwa ukituambia, mficha maradhi kifo humuumbua?"

"Niliwaambia."

"Nitasema langu tu. La viroba sitaligusa."

"Atauliza, Mama Rukia. Wewe usingeuliza?"

Shuka lilipiga kwenye kamba. Nyumba ya pili mtu alikuwa akitwanga.

"Ukimwambia, wewe utapumzika," Bibi Afya akasema. "Yeye atapumzikia wapi?"

Baadaye Bibi Afya alitufungia kunde, akatusindikiza hadi barabarani akichechemea, na alipoagana na mama alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Tulifika jua linakaribia kuzama. Mama Hija alikuwa anatungoja mlangoni, amekwisha kuweka beseni la maji ya moto, maana alijua miguu ya mama ikivimba safarini. Akamkalisha, akamvua viatu, akapiga magoti.

"Mlikwenda kwa yule," akasema. Hakuwa anauliza.

"Anakusalimu," mama akajibu.

"Salamu zake sizitaki." Akaiingiza miguu ya mama kwenye beseni, mmoja baada ya mwingine, akaanza kuikanda magotini, juu ya maji. "Simwombei mabaya. Lakini dawa ya kutia tu, mama. Kutia tu."

Nilisimama kwenye kizingiti na lile furushi la kunde. Mama alifungua mdomo. Nikajua sasa neno lenyewe linatoka.

"Maji si ya moto sana?" Mama Hija akauliza.

"Yako sawa, mwanangu."

Baadaye nililichukua beseni nikamwage. Nilitumbukiza mkono nikautoa mbio. Mama alikuwa ameiweka miguu yake humo muda wote ule, na hakuwa ameitikisa.